Mguu Niponye: Nani Mdhamini wa Kila Kiungo?

Kijana akianguka katika uwanja wa mtaa akashika mguu, watazamaji hutoa hukumu kabla vumbi halijatulia: kateguka. Neno ni hilo hilo kama ligamenti ya kifundo imechanika, kama kifuniko cha goti kimehama upande, kama kipande cha mfupa kimemeguka au kama goti limekatikiwa na kamba yake ya ndani. Dawa nayo ni moja: maji ya moto, mafuta, na mikono ya mzee anayejua kuchua. Baada ya wiki kadhaa mmoja amerudi uwanjani, mwingine bado anachechemea, na wa tatu anaambiwa hospitalini kwamba mfupa wake umeanza kuunga vibaya. Majeraha matatu yamepewa jina moja, na jina hilo ndilo lililowaponza.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Ina nyonga, paja, goti, ugoko, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo na kidole gumba. Kifuniko cha goti tumekiita pia, kwa kuwa kinafanana na ile pia wanayochezea watoto. Tunachokikosa ni hesabu ya nani anamshikilia nani. Kila kiungo cha mguu ni kama mkopaji: kinataka uhuru wa kusogea, na mwili hautoi uhuru huo mpaka apatikane mdhamini wa kukizuia kisitoke mahali pake. Kwenye nyonga mdhamini huyo ni umbo la mfupa, kwenye goti ni kamba, kwenye kifundo ni ushirika wa viwili hivyo, na kwenye wayo ni upinde. Ukimjua mdhamini, utajua kiungo huumia vipi, na kwa nini kimoja hupona kwa mwezi na kingine hakirudi kamwe kama kilivyokuwa.

Mifupa 30 chini ya kiuno

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Ukiuacha mfupa wa nyonga, ambao ni sehemu ya kiuno, kila mguu una mifupa 30: fupa la paja, pia ya goti, muundi, na fibula, ule mwembamba unaokwenda sambamba na muundi kwa upande wa nje, kisha 7 ya sehemu ya nyuma ya wayo, 5 ya katikati na 14 ya vidole. Mgawanyo huo unasema jambo. Kutoka nyonga hadi kifundo, karibu nusu ya kimo cha mtu, kuna mifupa 4 tu. Kutoka kifundo hadi ncha za vidole, urefu usiozidi sana shubiri moja, kuna 26. Nyayo mbili kwa pamoja zina 52, robo ya mifupa yote ya mwili. Juu tunahitaji nguzo. Chini tunahitaji kitu kinachoweza kujilaza juu ya jiwe, mchanga, ngazi na tope bila kuvunjika.

Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, tabaka jeupe linaloteleza, na mfuko wa kiungo hutoa ute wa kulilainisha. Vilevile kuna kamba za aina mbili ambazo katika maongezi tunaziita zote kano. Hapa nitazitenganisha: kano inaunga msuli na mfupa, ligamenti inaunga mfupa na mfupa. Kazi zake ni tofauti kabisa. Kano ni kamba ya ng'ombe wa jembe, ipo ili ivute. Ligamenti ni kamba ya mbuzi aliyefungwa mtini. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na mfupa nao husogea kwa urefu wa ligamenti yake. Ukitaka kuvuka duara, kamba inakaza na kusema basi.

Vitu hivyo havifanani katika kupona, na sababu kubwa ni damu. Mfupa una mishipa mingi ya damu. Ukivunjika hujiunga kwa mfupa mpya, si kwa kovu. Ligamenti ina damu kidogo, hupona taratibu, na pale ilipochanika hubaki kovu. Gegedu ya kiungo haina mshipa wa damu hata mmoja. Inaishi kwa ute unaoizunguka, na ikimomonyoka hairudi kuwa ileile. Kwa hiyo kinachotisha zaidi si lazima kiwe kibaya zaidi. Mfupa uliokatika kwa mlio mkubwa unaweza kuwa na mwisho mwema kuliko gegedu iliyosagika kimyakimya kwa miaka 10.

Nyonga: mdhamini ni mfupa

Kichwa cha fupa la paja ni tufe lililozama ndani ya bakuli la nyonga, na bakuli hilo limeongezwa kina na ukingo wa gegedu unaolizunguka. Ni bakuli lililofinyangwa kwa mifupa mitatu ambayo kwa mtoto bado imetengana, na huungana kabisa katika miaka ya ujana. Ligamenti tatu zimekizungushia kiungo hicho mkanda. Ile ya mbele, yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, inahesabiwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote mwilini. Hukaza mtu anaposimama wima na kulegea anapoketi. Ndiyo maana mlinzi wa lango anaweza kusimama saa nyingi bila misuli ya nyonga kuchoka sana: anamwegemea mdhamini.

Uimara huo unaeleza pia ni lini nyonga huchomoka. Inahitaji nguvu kubwa, na mara nyingi humkuta mtu akiwa ameketi, ligamenti zikiwa zimelegea. Abiria wa kiti cha mbele ambaye gari lake limegonga, goti lake likapiga dashibodi, husukumiwa fupa la paja kwenda nyuma likatoka bakulini. Hapo hakuna cha kuchua. Kila saa inayopita kabla ya kurudishwa inahatarisha damu ya kile kichwa.

Mzigo wa nyonga ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni ya nyonga inalazimika kuvuta ili kiwiliwili kisipinduke upande wa pili, na mvuto huo unajumlishwa na uzito wako. Kichwa cha fupa la paja hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili, na kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja mara elfu kadhaa kwa siku. Hapo ndipo mkongojo unapopata maana. Ukishikwa kwa mkono wa upande wa pili wa nyonga inayouma, unasaidia kuzuia kupinduka, na misuli inapunguziwa kazi. Wazee wengi huushika upande ule ule unaouma, wakajinyima sehemu kubwa ya faida yake.

Dosari ya nyonga iko kwenye shingo ya fupa la paja. Kati ya kichwa na shina la mfupa kuna shingo iliyopinda kwa pembe ya nyuzi 125 hadi 130 hivi kwa mtu mzima, na sehemu kubwa ya damu ya kichwa hupanda kwa kutambaa juu ya shingo hiyo. Bibi akiteleza bafuni na shingo ikakatika, mishipa hukatika pamoja nayo. Kichwa kinabaki bakulini kikiwa kizima kwa umbo, lakini kimekatiwa maji kama shamba la mwisho wa mfereji. Ndiyo sababu madaktari mara nyingi hukiondoa na kuweka cha bandia badala ya kungoja kiunge. Njaa hiyo ya damu huwapata pia vijana wenye selimundu, kwa kuwa chembe zilizojipinda huziba mishipa myembamba ya kichwa hicho. Kijana mwenye selimundu anayelalamika kinena na kuanza kuchechemea asiambiwe amelala vibaya.

Bakuli la nyonga la mtoto mchanga ni jepesi kuharibika, kwani sehemu yake kubwa bado ni gegedu na linapata umbo kwa kukaliwa na kile kichwa. Mtoto akifungwa nguo kwa kubana huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, kichwa husukumwa kuelekea nje. Japani iliendesha kampeni mwaka 1975 dhidi ya ufungaji wa namna hiyo, na nyonga zilizochomoka kwa watoto zikapungua sana. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa kanga au mbeleko, magoti yakiwa yamekunjwa na mapaja yametanuka, hukaa katika mkao ule ule ambao madaktari wa mifupa huutafuta kwa mikanda maalumu. Mama anayempandisha mwanawe mgongoni anamjengea mdhamini wake wa maisha.

Goti: mdhamini ni kamba

Ukishuka kwenye goti, mambo yanageuka. Chini ya fupa la paja kuna vichwa viwili vya mviringo, na vimeketi juu ya uwanda wa muundi ulio karibu bapa, kama mayai mawili juu ya meza. Umbo la mfupa halidhamini chochote hapa. Kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, kilichowekwa kati ya mifupa miwili mirefu kuliko yote, kinategemea kamba.

Kamba kuu ni nne. Mbili ziko pembeni: ya ndani ni pana na bapa, ya nje ni ya duara kama ugwe. Hizo huzuia goti lisifunguke kushoto wala kulia. Mbili nyingine ziko katikati ya kiungo na zimekingamana. Mkingamo wa mbele huzuia muundi usichomoke kwenda mbele na usijisokote. Mkingamo wa nyuma, ulio mnene zaidi, huuzuia usirudi nyuma. Kati ya mayai na meza kuna meniskasi mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyoongeza kina cha uwanda na kusambaza uzito. Meniskasi ya ndani imeshikamana na ligamenti ya ndani, ile ya nje haijashikamana na jirani yake. Kwa sababu hiyo meniskasi ya ndani haina pa kukimbilia goti linapopindwa.

Mkingamo wa mbele, ambao watangazaji wa mpira huutaja kwa herufi tatu za Kizungu, una tabia inayowashangaza wengi: mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa. Mchezaji anakimbia, anapanda mguu, anageuka ghafla au anatua kutoka hewani goti likiwa limeanguka kuelekea ndani. Anasikia mlio, na ndani ya saa chache goti limejaa damu. Goti lililojaa upesi hivyo lisichuliwe. Kamba hiyo inaogelea katika ute. Damu ambayo ingeganda na kuanza kuunga ncha zilizokatika huoshwa, na ncha hubaki zikipepea. Ligamenti ya ndani, iliyo nje ya bwawa hilo, mara nyingi hupona yenyewe kwa kufungwa vizuri na mazoezi. Ni goti moja na ni kamba mbili, lakini moja inamaliza kazi nyumbani na nyingine inaweza kumpeleka mchezaji kwenye upasuaji, achukuliwe kano yake mwenyewe ipandikizwe, kisha akae nje ya uwanja karibu mwaka.

Wasichana hukatika mkingamo huo zaidi ya wavulana katika michezo ile ile, na kinga inayojulikana ni ya mafunzo: kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kuimarisha misuli ya nyuma ya paja na ya nyonga, kuzoea kusimama kwa mguu mmoja. Zoezi la kupasha mwili la FIFA 11+ limejengwa juu ya mambo hayo, halihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na nafasi, na limethibitika kupunguza majeraha. Kocha wa shule anayetumia dakika 20 kwa kazi hiyo anatoa zaidi ya yule anayenunua mikanda ya goti.

Misuli ya paja ni mdhamini wa akiba. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea hadi mwisho, wa mwisho kabisa kati ya waliomaliza. Kumbukumbu ya mbio zile ni ya moyo wake, lakini ina somo la mwili vilevile. Goti lenye jeraha linaweza kwenda mbele kwa kushikiliwa na misuli. Linachoshindwa kwanza ni kugeuka. Kwa hiyo mtu anayesema "natembea vizuri, basi nimepona" hajajipima bado.

Pia ya goti imeshonwa ndani ya kano ya misuli ya mbele ya paja. Kazi yake ni kuisogeza kano hiyo mbele, mbali na mhimili wa kiungo, ili mvuto uwe na nguvu zaidi, kama mtu anayeshika mpini mrefu badala ya mfupi. Mtoto huzaliwa na pia ya gegedu tupu. Mfupa huanza kuonekana ndani yake kati ya miaka 3 na 6, wakati amekwisha maliza kutambaa. Na mguu unaponyooka kabisa, muundi hujizungusha kidogo kwenda nje na goti hujifunga kama komeo, misuli ikapumzika. Msuli mdogo ulio nyuma ya goti ndio unaolifungua tunapoanza kukunja.

Goti limeandika pia historia yetu. Fupa la paja la binadamu haliteremki wima. Linainama kuelekea ndani, ili wayo ukanyage chini ya uzito wa mwili. Sokwe hana mwinamo huo, na akisimama kwa miguu miwili huyumba huku na huku. Goti lililookotwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1973 lilitambulika kuwa la kiumbe aliyetembea wima kwa sababu ya pembe hiyo, mwaka mmoja kabla ya mifupa mashuhuri ya Lucy kupatikana huko huko. Pembe ikipotea, tunaona matege. Mtoto mchanga huwa na matege ya kawaida, akifika miaka 3 au 4 magoti hugusana, na kufikia miaka 7 miguu imenyooka. Matege yanayozidi baada ya hapo, au ya mguu mmoja tu, ni ugonjwa: huenda ni upungufu wa vitamini D au kalisi. Katika vijiji vya kuzunguka Mlima Meru kuna sababu nyingine, maji yenye floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pale kinapozidi sana, meno huanza kuwa kahawia, kisha mifupa ya watoto hupinda.

Muundi na mwenzake

Muundi hubeba karibu mzigo wote; fibula hupewa sehemu ndogo, na kazi yake kubwa ni kushikilia misuli na kujenga ukuta wa nje wa kifundo. Utando mgumu umeunganisha mifupa hiyo miwili kwa urefu wake. Kwa kuwa fibula haina mzigo mkubwa, madaktari huazima kipande chake cha katikati kujenga taya la mgonjwa aliyetolewa uvimbe, na mtu huyo akaendelea kutembea.

Muundi una ubaya mmoja unaoonekana kwa kupitisha kidole kwenye ugoko: kwa mbele hauna msuli, una ngozi tu. Fupa la paja likivunjika hubaki limefunikwa na nyama. Muundi ukivunjika hutoboa ngozi kwa urahisi na kukutana na vumbi la barabara. Dereva au abiria wa bodaboda aliyegongwa ubavuni huumia hapo hapo, kwa sababu ugoko wake ndio uliokaa kwenye kimo cha bampa. Theluthi ya chini ya mfupa huo ina damu kidogo kuliko juu, na huchelewa kuunga. Mvunjiko wa wazi unahitaji kuoshwa hospitalini na dawa za kuua vijidudu mapema. Majani na kahawa iliyosagwa juu ya kidonda hicho ni kukaribisha usaha ndani ya mfupa.

Kifundo: ukuta mmoja mrefu, mmoja mfupi

Seremala anajua njia ya kuunga mbao bila msumari: anachonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine. Kifundo kimeungwa hivyo. Ncha za muundi na fibula zimefanya tundu, na mfupa uitwao talasi ndio ulimi. Yale mafundo mawili tunayoyaona pembeni ndiyo kuta. Lakini ulimi huo ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Ukichuchumaa au kupanda mlima, sehemu pana huingia tunduni na kifundo kinabana. Ukisimama kwa vidole, ukivaa viatu vya kisigino kirefu au ukiteremka ngazi, sehemu nyembamba ndiyo iliyo tunduni, na ulimi unacheza. Wengi huanguka wakishuka, si wakipanda.

Ukuta wa nje, wa fibula, umeshuka chini kuliko wa ndani, kwa hiyo mfupa huzuia wayo usipinde kwenda nje. Kwa ndani kuna ligamenti pana yenye umbo la pembetatu, imara kiasi kwamba mara nyingine humega mfupa kabla haijachanika. Kwa nje kuna ligamenti tatu tofauti, na ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote. Wayo ukikanyaga shimo na kupinda kwenda ndani, hiyo ya mbele hukatika kwanza. Hilo ndilo jeraha ambalo neno kuteguka linalistahili kwa haki, na ndilo ambalo kwa kawaida huponea nyumbani: kupumzisha, kubandika kitu cha baridi kilichofungwa kitambaani, kufunga bandeji bila kubana damu, kuinua mguu juu ya mto. Maji ya moto na kuchua kwa nguvu siku ya kwanza huongeza uvimbe. Baadaye yanayofaa ni mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, kwa sababu ligamenti si kamba tu. Ina vihisio vinavyouambia ubongo wayo umekaaje. Anayeteguka kifundo kile kile kila msimu mara nyingi amepona kamba bila kufundisha upya vihisio.

Talasi yenyewe ni mfupa wa ajabu: hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana nayo, na zaidi ya nusu ya uso wake ni gegedu. Nafasi ya mishipa ya damu kuingia ni ndogo, hivyo shingo yake ikivunjika, yale ya kichwa cha fupa la paja hujirudia. Chini yake kuna kiungo kingine, kati yake na kisigino, ambacho hugeuza wayo ndani na nje. Bila hicho tungeweza kutembea sakafuni, lakini tungeshindwa kwenye njia ya shambani.

Wayo: mdhamini ni upinde

Wajenzi wa Mji Mkongwe walijua kwamba mawe madogo yakipangwa kwa upinde hubeba ghorofa. Wayo una pinde tatu: ndefu ya ndani, ndefu ya nje iliyo chini zaidi, na ya kukingama. Lakini mawe haya hayajajengwa kwa chokaa. Yamefungwa kwa ligamenti, ili upinde uweze kushuka kidogo unapokanyagwa na kurudi. Ligamenti moja kutoka kisigino hubeba kichwa cha talasi kama machela. Utando mnene wa chini ya wayo umefungwa kutoka kisigino hadi vidoleni kama uzi wa upinde wa mshale. Kidole gumba kinapoinuka wakati wa kuondoka, uzi hukaza na upinde hupanda. Katika hatua moja wayo huwa laini unapotua na mgumu unaposukuma. Maumivu ya kisigino yanayochoma hatua ya kwanza ya asubuhi mara nyingi ni ya utando huo pale ulipoanzia.

Watoto wengi huwa na wayo bapa kwa sababu upinde wao bado haujapanda. Wengi huupata kabla ya miaka 10 bila dawa. Tafiti za India zimeonyesha kwamba wayo bapa ni mwingi zaidi kwa watoto waliozoeshwa viatu mapema kuliko kwa wanaokwenda peku. Peku ina hatari zake, miiba na minyoo, lakini mzazi asione aibu mtoto akicheza mchangani bila viatu.

Ushahidi wa kale wa wayo wa kutembea wima uko Tanzania. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilikuta Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano karibu miaka milioni 3.66 iliyopita. Zinaonyesha kisigino kilichotangulia kugusa chini na kidole gumba kilichokwenda sambamba na wenzake, badala ya kujitenga kama cha nyani anayeshika tawi. Tulikiacha kidole cha kukwea ili tupate wayo wa kusukuma. Mkwezi wa minazi anaijua gharama yake: anahitaji kamba miguuni kufanya kile ambacho nyani hufanya kwa kidole. Na akianguka akatua kwa visigino, mfupa wa kisigino hupondeka kama yai, na nguvu iliyobaki hupanda mguuni hadi uti wa mgongo. Mkwezi mwenye visigino vilivyovunjika achunguzwe na mgongo, hata kama haulalamikii.

Hukumu

Kutoka juu hadi chini, mguu umekabidhi usalama wake kwa wadhamini wasiofanana. Nyonga imedhaminiwa na mfupa, na hatari yake ni kukatiwa damu. Goti limedhaminiwa na kamba, na hatari yake ni kugeuka ghafla. Kifundo kina ukuta imara upande mmoja na kamba dhaifu upande wa pili, na wayo una upinde unaohitaji misuli kuusaidia. Neno moja kwa majeraha yote haya ni sawa na daftari moja la madeni lisilo na majina.

Silaumu mikono ya wazee wetu. Msuli uliochoka hufarijika kwa kuchuliwa, na waunga mifupa walijua gango kabla hogo halijafika. Neno mganga lenyewe ni ndugu wa gango. Kosa si mikono, ni kuanza kazi kabla ya kujua kilichovunjika. Gango likibana mno, damu hukatika na mguu unaweza kupotea, na mfupa unaochuliwa na kuvutwa kila siku hauwezi kuunga.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji mashine. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kifundo ambayo sasa hutumika dunia nzima, na mtu yeyote aliye pembeni ya uwanja anaweza kuikumbuka. Bonyeza mfupa wa mafundo mawili kwa nyuma na kwenye ncha zake, kisha bonyeza ukingo wa nje wa wayo katikati na mfupa wa juu ya upinde kwa ndani. Kisha mwambie aliyeumia aende hatua 4, hata kwa kuchechemea. Akishindwa hatua hizo, au mfupa ukiuma hapo ulipobonyeza, apigwe eksirei kwanza. Mafuta na kuchua vingoje majibu.